Jela Haijamkubali

Mtu akitoka gereza la Bungoma na kurudi Kimilili akiwa amejaa mashavu, tumbo limemtangulia, watu humtazama mara moja tu na kutoa hukumu: jela imemkubali. Nimeyasikia maneno hayo stendi ya matatu, nimeyasikia kwenye matanga, na nimeyasikia yakitoka vinywani mwa wahudumu wa afya ambao wangepaswa kuwa wa mwisho kuyasema. Husemwa kwa kicheko, lakini nyuma ya kicheko kuna hoja kamili. Huyu alipelekwa akaadhibiwe, badala yake amelishwa na kulazwa kwa kodi ya mkulima wa mahindi ambaye mwenyewe hufika mwezi wa Juni ghala likiwa tupu. Kilo alizoongeza ni ushahidi wa starehe. Na tabibu wa gereza anayehangaikia uzito wa wafungwa ni mtu aliyekosa kazi.

Hoja hiyo naipinga yote, shina na matawi. Unene wa mtu aliyefungwa hutengenezwa na mpangilio wa gereza lenyewe. Serikali ndiyo yenye ufunguo, ndiyo yenye sufuria, ndiyo inayoamua saa ya kutoka uani na saa ya kulala. Hakuna mahali popote nchini ambapo mtu ana usemi mdogo juu ya mwili wake kuliko pale. Ikiwa mwili huo umeharibika mikononi mwa serikali, serikali inawajibika kuutibu, na matibabu hayo yaanzie kwenye zahanati iliyo ndani ya ua.

Tukubaliane kwanza juu ya njaa, kwa sababu wenye hoja ile huikimbilia haraka. Ni kweli kwamba wapo wafungwa wanaokonda. Ni kweli kwamba kifua kikuu huenea upesi ndani ya wadi zilizojaa, na kwamba ng'ambo ya Uganda, katika magereza ya Kongo, watu wamekufa kwa kukosa chakula. Mwaka 2012 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya taarifa za wafungwa zaidi ya 60,000 katika nchi 15, na ulionyesha kwamba karibu kila mahali wanaume waliofungwa hawakuwa wanene kuliko wanaume walio nje. Walikuwa na unene uliopindukia kwa kiwango cha chini zaidi. Sina haja ya kuuficha ukweli huo. Lakini uchambuzi huo huo uliwaangalia wanawake wa Marekani na Australia, na huko mambo yaligeuka: wanawake waliofungwa walielekea kuwa wanene kuliko wenzao walio huru. Gereza moja, basi, lina uwezo wa kumkondesha mmoja na kumnenepesha mwingine, na anayetaka kujua sababu lazima aangalie sahani na siku nzima ya mtu.

Kabla ya hapo, nieleze hii dhana ya jela kuwa hoteli imetoka wapi. Mwaka 2003 Moody Awori, aliyekuwa waziri anayesimamia magereza na baadaye Makamu wa Rais, aliyafungua magereza ya Kenya macho ya umma yaingie. Wafungwa wakaletewa magodoro, sare safi na televisheni, na waandishi wa habari wakaruhusiwa kuona kilichokuwa kimefichwa tangu ukoloni. Yalikuwa mageuzi ya heshima, na mwana huyo wa Busia anastahili shukrani kwa hilo. Kwa bahati mbaya picha ya televisheni ndani ya gereza iliganda vichwani mwa watu. Tangu hapo mtu akisikia neno mfungwa huona anayetazama mpira huku amelala. Miaka zaidi ya ishirini imepita, magereza yamejaa kupita nafasi zake, na bado picha ile ndiyo inayotumika kama hoja.

Sasa tuiangalie siku ya mahabusu. Asubuhi ni uji. Mchana ugali na maharagwe, au ugali na mboga, kabichi au sukuma wiki. Chakula cha jioni hutolewa alasiri, jua likiwa bado kali, na ni ugali tena. Kisha watu wanahesabiwa, milango inafungwa, na haifunguliwi hadi asubuhi. Maharagwe ni chakula chema, sina neno nayo. Shida iko kwenye uwiano: mlima wa unga uliokobolewa, mboga kidogo, tunda la kubahatisha. Mwenye pesa huongeza kutoka kantini, na kantini haiuzi ndizi wala parachichi. Huuza mandazi, biskuti, soda na sukari.

Mahabusu halazimishwi kufanya kazi, kwa kuwa hajapatikana na hatia, na ni haki iwe hivyo. Lakini matokeo yake ni kwamba aliyefikishwa mahakama ya Kimilili, akashindwa kutoa dhamana, hukaa. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena. Anakaa sakafuni, anakaa uani, anarudi ndani kukaa. Wakati huo, mfungwa aliyehukumiwa katika gereza la Kitale anapelekwa shambani, kwenye ardhi ya Trans Nzoia inayosifika kwa mahindi, naye anashika jembe. Ugali ule ule unaomwacha huyu wa jembe na njaa unamjaza yule wa kukaa. Ndiyo maana kusema "gerezani kuna njaa, kwa hiyo hakuna unene" ni kosa la hesabu. Chakula kibovu hakimfanyi kila mtu kuwa mwembamba. Huwafanya wengine wembamba na wengine wazito, na wote wawili wanakosa madini na vitamini.

Kwa wanawake mambo ni mazito zaidi, na ndiko ninakotaka tukae kidogo. Kazi zao gerezani ni za kuketi: cherehani, kufuma, kusuka, kutengeneza nywele. Wengine wana watoto wao humo, maana sheria inaruhusu mtoto kukaa na mama hadi afikishe miaka minne. Wanawake hawa huingia wakitoka katika taifa ambalo tayari limenenepa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 juu ya vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba asilimia 38.5 ya wanawake wa Kenya walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopindukia, wanaume wakiwa asilimia 17.5. Utafiti wa idadi ya watu na afya wa 2022 ukawakuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kati ya miaka 20 na 49 wakiwa katika hali hiyo. Anayesema huu ni ugonjwa wa Marekani hajatazama nyumbani kwake. Mwanamke wa Chwele au Kamukuywa anayefungwa leo huenda ameingia na uzito uliozidi, na presha ambayo hajawahi kupimwa. Utafiti ule wa 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wa Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu hata mara moja.

Halafu kuna dawa. Kuanzia 2018 Kenya ilihamishia wagonjwa wengi wa virusi vya ukimwi kwenye dolutegraviri, dawa nzuri, inayookoa maisha. Utafiti uliofanyika Johannesburg na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliotumia dolutegraviri waliongeza uzito zaidi ya waliotumia dawa ya awali, na wanawake waliongeza zaidi ya wanaume. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, olanzapini ikiwa mfano unaojulikana sana, huongeza uzito upesi. Kwa hiyo mwanamke anayenenepa katika gereza la wanawake la Kitale huenda ananenepa kwa sababu anameza dawa yake kila siku kama alivyoagizwa. Mtu wa stendi atasema jela imemkubali. Tabibu asiyeuliza anatumia dawa gani atasema vivyo hivyo. Wala simwambii mtu yeyote aache dawa. Nasema aliyemwandikia amfuatilie.

Ipo sababu nyingine, na ni ya kwetu. Wazazi wetu walishuhudia miaka ya ukimwi, ugonjwa ambao Waganda waliuita Slim, jina lililoingia katika majarida ya udaktari mwaka 1985 kutoka Rakai. Kukonda kukawa ni kutangazwa. Mpaka leo, mfungwa anayekonda hunong'onwa, na anayenona hupongezwa. Mtu aliyeingia gerezani na aibu ya kesi hataki kuongeza aibu ya kukonda, basi hula kila kinachofika. Namwelewa kabisa. Ninachokataa ni sisi tulio nje kuugeuza woga wake kuwa ushahidi wa anasa.

Wapo wanaokubali yote haya kisha wakatoa jibu jepesi: apunguze kula, afanye mazoezi. Humtaja Nelson Mandela, aliyekuwa akikimbia papo hapo ndani ya seli yake huko Robben Island alfajiri, akipiga pushapu na kukunja tumbo, miaka na miaka. Mandela alikuwa na seli ya peke yake. Ilikuwa ndogo, lakini sakafu yake hakugawana na mtu. Mwambie mtu aliyelala bega kwa bega na wenzake katika wadi iliyojaa kwamba akimbie papo hapo saa kumi na moja alfajiri, na utaona atamkanyaga nani. Kuhusu kupunguza kula, anayeacha nusu ya ugali wa alasiri hana kitu kingine cha kula hadi uji wa asubuhi. Ni zaidi ya saa kumi na mbili. Ushauri unaofaa kwa mwalimu wa Kimilili mwenye kabati la chakula na njia ya kutembea jioni haumfai mtu huyu hata kidogo.

Pia kuna hatari ambayo lazima isemwe wazi. Ukiwaambia askari kwamba wafungwa wamenenepa, mmoja wao atapunguza posho. Sheria za magereza tulizorithi kutoka kwa mkoloni zilijua vizuri adhabu ya chakula. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazobeba jina la Mandela, zilizopitishwa Desemba 2015, zinakataza kumpunguzia mfungwa chakula au maji kama adhabu. Kanuni hizo hizo zinadai chakula chenye lishe ya kutosha kwa afya na nguvu, angalau saa moja ya mazoezi nje kila siku kwa asiyefanya kazi ya nje, huduma za afya za kiwango kile kile kinachopatikana kwa raia wengine, na zinamtaka daktari akague chakula na kumshauri mkuu wa gereza. Katiba yetu ya 2010 nayo, katika ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya afya na ya chakula cha kutosha chenye ubora, na ibara ya 51 inasema aliyezuiliwa habaki bila haki zake. Sijaona popote palipoandikwa kwamba haki hizo humhusu mwembamba pekee.

Basi matibabu yenyewe yanaonekanaje? Si ya ajabu. Kila mgonjwa wa kifua kikuu hupimwa uzito, kwa sababu kipimo cha dawa zake hufuata kilo. Mgonjwa wa virusi vya ukimwi naye hupimwa. Mizani ipo, na karatasi ya kuandika ipo. Kinachokosekana ni jicho la kuisoma namba inapopanda, maana tumezoea kuiogopa ikishuka tu. Anayeingia apimwe uzito, urefu, presha na mzunguko wa kiuno. Kiuno hakihitaji mashine: utepe wa fundi cherehani unatosha, na karakana za magereza yetu zina mafundi. Mwanamke akizidi sentimita 80, mwanamume akizidi 94, hilo ni jambo la kufuatiliwa hata kama mwenyewe anajiona mzima. Apimwe tena kila baada ya miezi michache. Aliyeongeza kilo kumi ndani ya mwaka aulizwe: unatumia dawa gani, unalala vipi, unakula nini kutoka kantini, una huzuni kiasi gani. Swali la mwisho halipaswi kuachwa, kwa kuwa mtu aliyekata tamaa hula ili siku iishe.

Nitoe mfano mmoja wa jinsi uzembe katika jambo hili unavyoua. Unene huleta kisukari. Mwenye kisukari anapewa insulini, au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi. Dawa hizo zimetengenezwa kwa mtu atakayekula. Ukimpa jioni mtu aliyekula alasiri na kufungiwa hadi asubuhi, sukari yake inaweza kushuka usiku wa manane mpaka apoteze fahamu, na mlango haufunguki kwa urahisi. Wenzake watagonga na kuita afande. Tabibu anayejua ratiba ya gereza atabadilisha dawa, atabadilisha saa, au ataagiza mgonjwa abaki na kitu cha kula wadini. Kwa jambo hilo hakuna haja ya bajeti mpya wala mtaalamu kutoka Nairobi. Ni huduma ya msingi, ile ile ambayo mgonjwa wa kijijini angeipata kwa muuguzi anayemjua.

Mtu ataniuliza pesa. Nami namuuliza pesa zipi zinatoka sasa. Mfungwa akipata kiharusi au figo zikishindwa, hapelekwi hospitali ya rufaa ya kaunti pale Bungoma peke yake. Huenda na askari, huenda na gari, hufungwa pingu kitandani, na askari hubadilishana zamu mlangoni. Kipindi kimoja cha kusafisha figo, bima ya afya ya NHIF ilipokuwa hai, kililipiwa Sh9,500, na mgonjwa huhitaji viwili kwa wiki. Hiyo ilikuwa Sh19,000 kila wiki kwa mtu mmoja. Linganisha na vidonge vya presha, kipimo cha sukari, na mboga. Gereza lenye mashamba kama la Kitale linaweza kupanda kunde, saga na mrenda karibu na mahindi yake, vyakula ambavyo kila mama wa Kibukusu anajua kuvikuza bila kufundishwa. Sioni kwa nini mfungwa alime mahindi ya kuuzwa kisha ale kabichi iliyochemshwa ikawa maji.

Na kuna faida ambayo gereza linayo na hospitali haina. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa Eldoret mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa pamoja na vyuo vya Marekani, ulijaribu hapa magharibi kuwatibu wenye presha na kisukari kwa vikundi: watu wanakutana pamoja, wanapimwa pamoja, wanazungumza na mhudumu pamoja, na vikundi vingine vikaunganishwa na mikopo midogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliokuwa katika vikundi vyenye matibabu na mikopo pamoja walielekea kushusha presha zaidi kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida, ingawa tofauti hiyo haikuthibitika kitakwimu. Kazi ngumu ya vikundi vya nje ni mahudhurio: mvua imenyesha, nauli imekosekana, kuna matanga. Gerezani watu wako pale pale. Kikundi cha wanawake kumi na watano wenye presha, saa moja uani mara tatu kwa wiki, wakitembea na kucheza ngoma zao, wakiongozwa na mwenzao aliyefunzwa, kinaweza kuanza Jumatatu ijayo mkuu wa gereza akitaka.

Kikwazo kikubwa hakiko mifukoni. Kiko kwenye mpaka wa madaraka. Tangu 2013 afya ni kazi ya kaunti, magereza yamebaki serikali ya kitaifa. Zahanati ya gereza inasimama katikati, na kila upande una sababu ya kuutazama upande wa pili. Kaunti husema mfungwa ni wa Nairobi. Nairobi husema dawa ni za kaunti. Mwenye presha yuko pale anasubiri. Mbunge wa bunge la kaunti ya Bungoma anayekuja Kimilili kuomba kura anapaswa kuulizwa jambo hili waziwazi, kwa sababu karibu kila anayeingia gerezani hutoka, na akitoka anarudi katika wadi yake ya uchaguzi, si Nairobi.

Ndiyo maana napigania zaidi siku ya kutoka. Mtu huachiliwa na barua ya kuachiliwa na nauli, kama ipo. Kanuni zile zenye jina la Mandela zinadai mwendelezo wa matibabu, na mwendelezo huo unaweza kuwa karatasi moja: uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, presha, sukari, dawa anazotumia na kipimo chake, na jina la kliniki anayotakiwa kwenda. Kwa mtu wa hapa, kliniki hiyo ni ya hospitali ya Kimilili, na dawa alizopewa zimtoshe hadi siku ya miadi. Yule mnene tuliyemcheka stendi anapita mbele ya lango la hospitali hiyo akienda nyumbani. Mkuu wa gereza la Bungoma na msimamizi wa hospitali ya Kimilili wanaweza kukubaliana juu ya karatasi hiyo kwa mkutano mmoja, bila kusubiri sheria mpya, na nawataka waufanye mkutano huo kabla mwezi huu haujaisha.